MCHEZO WA TANGA NA SHERIA ISIYO NA MLINZI

REBERO ni kilima, si bandari. Mtu asimamaye juu yake, kusini mwa jiji la Kigali, huona mapaa ya nyumba, barabara zinazojipinda katika miteremko, na mabonde ya majimaji yanayopeleka maji yake katika mto Nyabarongo. Bahari iko mbali, zaidi ya kilomita elfu moja kuelekea mashariki. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza: sisi watu wa milimani tuna uhusiano gani na mashindano ya vidau vya tanga, tena yale yanayofanywa wakati wa baridi kali? Jibu lake ni fupi. Mchezo huo huendeshwa kwa sheria zisizo na refa, na sisi tuliokabidhiwa bunduki na pingu ili kuilinda sheria tuna mengi ya kujifunza kwa watu wanaoitii bila ya kulindwa.

MCHEZO WENYEWE

Katika nchi za kaskazini, majira ya baridi yafikapo, wenye vyombo wengi huvipandisha pwani, huvifunika, na kungoja jua lirudi. Lakini ziko klabu ndogo za maziwa, mito na ghuba ambazo huo ndio wakati wake wa kushindana. Mwanzoni mwa mwaka 1932, katika ghuba ya Manhasset karibu na New York, wapenzi wachache wa tanga walishindana kwa vidau vidogo katikati ya baridi. Mchezo huo ukapewa jina la Kiingereza lenye maana ya kuumwa na jalidi, na jina hilo limedumu hadi leo.

Vyombo vyenyewe ni vidogo mno. Mfano mmojawapo ni kidau kiitwacho Laser, kilichobuniwa na Mkanada Bruce Kirby na kuanza kuuzwa mwaka 1971. Urefu wake ni mita 4.23, mwili wake una uzito wa kilo 59 tu, na tanga lake ni moja, la mita za mraba 7.06. Huendeshwa na mtu mmoja. Mkono mmoja umeshika usukani, wa pili umeshika kamba ya tanga, na mwili wake umening'inia nje upande wa joshi ili kidau kisipinduke. Mwaka 1996 kidau hiki kiliingizwa katika Michezo ya Olimpiki, na siku hizi katika mashindano huitwa pia ILCA.

Mstari wa kuanzia huwa kati ya mashua ya wasimamizi na boya. Ishara ya kwanza, kwa bendera na sauti, hutolewa zikiwa zimebaki dakika tano. Ya pili zikibaki dakika nne. Ya tatu ikibaki dakika moja. Kisha huja ishara ya kuondoka. Kidau hakina breki, hivyo kila nahodha huzungukazunguka akihesabu sekunde, aufikie mstari wakati barabara, asitangulie wala asichelewe. Kwa kawaida safari huanza kwa kuukabili upepo. Kwa kuwa hakuna tanga linaloweza kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo, vyombo hupiga bisha kulia na kushoto hadi boya la juu, ndipo vigeuke na kurudi upepo ukivisukuma kutoka nyuma.

SHERIA BILA FILIMBI

Vidau ishirini vikipishana hivyo katika eneo dogo, ni dhahiri kwamba pasipo sheria patakuwa na mgongano kila dakika. Sheria kuu ya njia ni nyepesi kuikumbuka: vyombo viwili vikikutana, kimoja kikipokea upepo kutoka upande wake wa kulia na kingine kutoka kushoto, kile cha kushoto ndicho kinachopaswa kupisha. Ziko na nyingine za kuzunguka maboya na za chombo kinachomfuata mwenzake.

Jambo la kustaajabisha si sheria hizo, bali ni jinsi zinavyotekelezwa. Nahodha aliyevunja sheria ya njia hujiadhibu mwenyewe: hujitenga na wenzake, akazungusha kidau chake mizunguko miwili kamili, ndipo aendelee na mashindano. Aliyegusa boya huzunguka mara moja. Hakuna filimbi wala kadi nyekundu. Huenda hakuna aliyemwona, kwani msimamizi mwenye saa na bendera yuko mbali, nyuma ya manyunyu ya mvua. Mizunguko miwili yaweza kumtoa mtu katika nafasi ya pili na kumtupa katika nafasi ya kumi. Hata hivyo huizunguka.

Akikataa, yule aliyedhulumiwa hupaza sauti papo hapo kutangaza malalamiko. Mashindano yakiisha, kamati ndogo huketi nchi kavu, ikawasikiliza mlalamikaji, mlalamikiwa na mashahidi, ikathibitisha yaliyotokea, ikatoa uamuzi. Ni kweli kwamba katika mashindano makubwa ya dunia waamuzi huwafuata washindani kwa boti za injini. Lakini kitabu cha sheria za mchezo huu, ambacho hupitiwa upya kila baada ya miaka minne, kimejengwa juu ya msingi mmoja: kwamba mshindani mwenyewe ndiye anayetarajiwa kuzitii sheria na kuzisimamia.

KWETU AFRIKA YA MASHARIKI

Kwetu hakuna jalidi juu ya maji, lakini baridi ipo. Pwani hukiita kipindi hicho kipupwe, kati ya Juni na Agosti, wakati upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu na bahari kuchafuka. Watu wa Lamu na Unguja walikuwa na resi zao za mashua na ngalawa bila ya kufundishwa na mgeni. Klabu za vidau za mtindo wa kizungu zilikuja na utawala wa kikoloni, zikaanzishwa Mombasa na Dar es Salaam, na kwenye Ziwa Victoria, ambako Kaazi, karibu na Kampala, ni moja ya vituo vyake vinavyojulikana.

Kutoka katika maji hayo walitoka mabaharia wa kupimwa na dunia. Mwaka 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, ambayo mashindano yake ya tanga yalifanyika Naples, Kenya iliwakilishwa na Anthony Bentley-Buckle na Ronald Blaker. Bentley-Buckle alikuwa afisa wa zamani wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliyewahi kuwa mateka wa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akafanya kazi ya meli Mombasa.

Klabu nyingine ilikuwa Nairobi, mji wa nyanda za juu kama Kigali, ambako Julai ni mwezi wa makoti. Huko vidau vilishindana katika bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kati ya Kibera na Lang'ata. Bwawa hilo halikukosa upepo. Lilikosa watu wa kulichunga. Maji machafu na takataka viliingia mwaka hadi mwaka, magugu maji yakatanda, na tanga zikatoweka. Kila aliyemwaga uchafu wake aliona kwamba wake ni kidogo, na kwamba hakuna aliyemwona. Hayo ndiyo matokeo ya sheria inayongoja mlinzi.

KUOKOA NI KABLA YA KUSHINDA

Katika kitabu cha sheria za mchezo wa tanga, kanuni ya kwanza haihusu njia wala boya. Inamwamuru kila mshindani kumsaidia kwa kadiri awezavyo mtu yeyote au chombo chochote kilicho hatarini. Katika maji ya baridi kali amri hiyo haina muda wa kungoja. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, hufundisha hesabu ya moja, kumi, moja: mtu aliyeanguka katika maji ya barafu ana dakika moja ya kuituliza pumzi yake, dakika kumi ambazo mikono na miguu yake bado inamtii, na kadiri ya saa moja kabla ya baridi kumpotezea fahamu. Jaketi la kuokoa maisha halina budi kuvaliwa nchi kavu, kwa kuwa majini vidole havitaweza tena kulifunga.

Tarehe 24 Septemba 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, mashindano ya tanga yalikuwa yakifanyika Pusan. Upepo ulipanda hadi kufikia noti 35. Mkanada Lawrence Lemieux alikuwa peke yake katika kidau chake, akishika nafasi ya pili, na nishani ilikuwa inaonekana. Ndipo alipowaona mabaharia wawili wa Singapore, washindani wa mashindano mengine kabisa, ambao chombo chao kilikuwa kimepinduka nao wameumia. Lemieux aliiacha njia yake, akawaendea, akawatoa majini, akangoja hadi boti ya doria ilipokuja kuwachukua, ndipo akaendelea. Alimaliza akiwa wa 22. Baraza la waamuzi lilimrudishia nafasi ya pili katika mbio za siku ile, lakini kwa jumla alikuwa wa 11 na hakupata nishani ya mchezo wake. Alitunukiwa nishani ya Pierre de Coubertin, inayotolewa kwa moyo wa kimichezo. Hakuna aliyemwamuru kugeuka, na angalipita hakuna mahakama ambayo ingalimshitaki.

MAZIWA YETU

Tusidhani kwamba haya ni ya huko mbali. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, kikiwa kimebeba watu wengi kupita kiwango chake, na watu zaidi ya 220 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama katika Ziwa Kivu ilipokaribia bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea jamaa zao. Makumi ya watu walipoteza maisha. Kiwango cha abiria kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, alfajiri pale gatini, "Imetosha, hawa wengine watangoja," hata kama hakuna mkaguzi aliye karibu.

Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake hupita mita 400. Rwanda ina wanajeshi na polisi wa majini wa kulilinda, lakini hakuna doria inayoweza kuwa katika kila kijigati, kila usiku. Vikosi vya namna hiyo vingefaidika kwa kuwafunza vijana wao tanga kabla ya injini, katika Kivu au katika Ziwa Muhazi lililo karibu zaidi na Kigali. Aliyejifunza kusoma upepo usoni mwa maji hujua mapema wakati wa kurudi. Aidha, aliyezoea kujizungusha mara mbili kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona hatakuwa mwepesi wa kuruhusu abiria wa ziada.

WAJIBU WA MWENYE SARE

Hapa Rebero somo la sheria isiyo na mlinzi lina uzito wake wa pekee. Kila tarehe 13 Aprili, taifa hukumbuka kwenye kilima hiki wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa sababu walikataa kushiriki katika mpango wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mchezo haulinganishwi na msiba ule, wala haifai kulinganishwa. Lakini tukumbuke hali waliyokuwa nayo watu hao: waliopewa kazi ya kuilinda sheria walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiiangamiza, na sheria ikabaki katika vifua vya wale waliokataa tu. Mwenye sare anayepita chini ya kilima hiki hana budi kujiuliza: ningalikuwapo, nami ningalikataa?

Moyo wa namna hiyo haupatikani kwa siku moja ya hatari. Hujengwa katika mambo madogo. Askari wa barabarani, saa nane za usiku, amemsimamisha dereva aliyekosa. Barabara ni tupu, afisa wake amelala, na noti iliyokunjwa imeshatokea dirishani. Mlinzi wa ghala anajua kwamba madebe mawili ya mafuta hayatahesabiwa hadi mwisho wa mwezi. Koplo amempiga mahabusu aliyekwisha kujisalimisha, na waliokuwapo ni rafiki zake watupu. Hawa wote wako majini peke yao, na boya wameligusa au wako karibu kuligusa.

Nahodha wa kidau angejua la kufanya. Angejitenga, akazunguka, akakubali kupitwa, kisha akaendelea na safari. Askari naye airudishe noti dirishani na kuandika kosa la dereva kama lilivyo; koplo ampeleke mahabusu kwa mganga, kisha akaripoti mwenyewe kwa mkuu wake kabla ya kuulizwa. Atapoteza nafasi kadhaa, na pengine cheo. Lakini wananchi wanaolala usiku chini ya ulinzi wake watakuwa wamelindwa kweli.