Upimaji wa msogeo wa ardhi kwa satelaiti

Upimaji wa msogeo wa ardhi kwa satelaiti ni mbinu ya kutambua ni kwa kiasi gani uso wa dunia umepanda, umeshuka au umesogea kando, kwa kulinganisha picha za rada zilizopigwa kutoka anga-nje kwa nyakati tofauti. Jina lake la kitaalamu ni interferometria ya rada, na kifupi chake ni InSAR. Satelaiti inayozunguka karibu kilomita 700 juu ya ardhi inaweza kugundua badiliko la sentimita chache tu. Pale ambapo picha ni nyingi, inaweza kutambua hata milimita chache kwa mwaka.

Mbinu hii hutumika kuchunguza volkeno, matetemeko ya ardhi, maporomoko, na miji inayodidimia kutokana na kuvutwa kwa maji ya chini ya ardhi. Katika Afrika ya Mashariki imesaidia hasa kuzielewa volkeno za Bonde la Ufa, ambazo nyingi hazina vifaa vya kudumu vya upimaji.

Namna inavyofanya kazi

Kamera ya kawaida hutegemea mwanga wa jua. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi unaorudi kutoka ardhini, kwa hiyo hufanya kazi usiku na mchana, hata mawingu yakitanda.

Kila mwangwi hubeba habari mbili: nguvu yake, na mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake wakati linapokewa. Hali hii ya pili huitwa awamu. Inaweza kulinganishwa na mshale wa saa: kila wimbi linaposafiri urefu wake mmoja, mshale huzunguka mara moja na kuanza upya.

Satelaiti ikirudi juu ya mahali palepale baada ya siku kadhaa, awamu mpya hulinganishwa na ile ya kwanza. Kama ardhi haikusogea, awamu zinalingana. Kama imepanda, njia ya wimbi imekuwa fupi na mshale umebadilika. Tofauti hizo huchorwa kwa rangi kwenye ramani iitwayo interferogramu.

Satelaiti za Sentinel-1 za Shirika la Anga la Ulaya (ESA) hutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, msogeo wa sentimita 2.8 tu hutosha kukamilisha mzunguko mmoja wa rangi. Hivyo mtu anayehesabu mizunguko mitatu kutoka ukingo wa mlima hadi kileleni anajua kwamba kilele kimesogea takriban sentimita 8.4 kuelekea satelaiti au mbali nayo.

Kabla ya kusoma ramani hiyo ni lazima kuondoa athari za milima na mabonde, kwa sababu satelaiti hairudi kwenye njia ileile kikamilifu. Kazi hiyo hutumia ramani za mwinuko, kama zile zilizotokana na safari ya chombo cha Marekani Endeavour mnamo Februari 2000.

Historia

Mnamo 1989 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba mbinu hii inawezekana, kwa kutumia data za satelaiti Seasat iliyorushwa mwaka 1978. Ilijulikana sana baada ya tetemeko la Landers huko Kalifornia tarehe 28 Juni 1992, lenye ukubwa wa 7.3. Mwaka uliofuata Didier Massonnet wa Ufaransa na wenzake walitoa interferogramu ya tetemeko hilo, iliyotokana na picha za satelaiti ya Ulaya ERS-1. Kwa mara ya kwanza umbo zima la msogeo wa ardhi kuzunguka ufa wa tetemeko lilionekana katika picha moja.

Sentinel-1A ilirushwa mwaka 2014. Data za Sentinel-1 hutolewa bure, hivyo chuo chochote chenye kompyuta na intaneti kinaweza kuzitumia.

Mifano ya Bonde la Ufa

Nchini Kenya, uchunguzi wa picha za miaka 1997 hadi 2008 ulionyesha kwamba volkeno zilizodhaniwa kuwa zimetulia zilikuwa zikisogea. Suswa na Menengai zilishuka kwa sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Longonot ilipanda sentimita 9 hivi kati ya 2004 na 2006, na Paka ilipanda takriban sentimita 21 katika miezi tisa ya 2006 na 2007. Hakuna kati ya hizo iliyolipuka wakati huo. Kupanda kwa mlima huonyesha kwamba shinikizo linaongezeka chini yake, lakini peke yake si dalili kwamba mlipuko u karibu.

Kaskazini mwa Tanzania, matetemeko mengi yalianza karibu na mlima Gelai mnamo Julai 2007, na kubwa zaidi lilisikika hadi Nairobi. Interferogramu zilionyesha ukanda wa ardhi ulioshuka, na pande zake mbili zimeinuka. Umbo hilo liliwaonyesha wanasayansi kwamba ukuta mwembamba wa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ulikuwa umepenya chini ya mlima bila kufika juu. Mnamo Septemba mwaka uleule volkeno jirani ya Ol Doinyo Lengai ilianza kulipuka kwa nguvu.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Baada ya zaha kusimama karibu na mji wa Goma, matetemeko yaliendelea. Picha za rada, pamoja na vipimo vya ardhini, zilionyesha kwamba magma ilikuwa imesogea chini ya mji wenyewe na chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru wakazi wa sehemu ya mji waondoke. Hata hivyo, kabla ya mlipuko wenyewe hakukuonekana uvimbe wowote wa ardhi ambao ungeweza kutoa onyo.

Mipaka ya mbinu

Satelaiti hupima badiliko la umbali kati yake na ardhi tu. Kwa kuwa satelaiti hizi hupita karibu na ncha za dunia na kutazama pembeni, msogeo wa kaskazini au kusini hauonekani vizuri. Picha za njia ya kwenda na za njia ya kurudi huunganishwa ili kutenganisha kupanda na kusogea kando.

Mvuke wa maji angani huchelewesha mawimbi na unaweza kufanana na msogeo wa kweli. Katika misitu na mashamba, majani hubadilika kati ya picha mbili na ulinganisho huharibika. Mawimbi marefu ya sentimita 24 hivi hupenya majani vizuri zaidi. Hutumiwa na NISAR, satelaiti ya Marekani na Uhindi iliyorushwa Julai 2025.

Tena, satelaiti hupita baada ya siku kadhaa, ilhali magma inaweza kusafiri kwa saa chache. Kwa sababu hiyo, InSAR hutumiwa pamoja na vipokezi vya GPS na vipima-tetemeko ambavyo hupima ardhi bila kukoma.