Bulabo: Sikukuu ya Maua Bujora

Bulabo ni sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo jinsi inavyoadhimishwa na Wasukuma katika Parokia ya Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Huangukia mwisho wa Mei au mwezi Juni, kwa kufuata tarehe ya Pasaka. Jina lake ni la Kisukuma, lenye maana ya maua, yale yanayomwagwa njiani mbele ya padri aliyebeba Ekaristi Takatifu.

Papa Urbano IV aliiamuru sherehe hii kwa Kanisa zima mwaka 1264, na maandamano ya Ekaristi hufanyika kila nchi yenye Wakatoliki. Kinachoitofautisha Bujora ni yanayofuata baada ya maandamano: mashindano ya ngoma, tena ya siku nyingi.

Mashindano hayo yana asili ya zamani kuliko parokia. Juni mavuno yamekwisha, mvua zimekatika, jembe limepumzika. Ndio msimu wa Wasukuma kucheza. Padri David Clement, mmisionari Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliona kwamba kalenda ya Kanisa na ya mkulima zimekutana, akaziunganisha katika miaka ya 1950. Ulikuwa uamuzi wa busara na wa ujasiri, maana ngoma hizo zilihusishwa na dawa za waganga, na wamisionari wengi walizikataza. Clement ndiye pia mwanzilishi wa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyo palepale Bujora.

Wachezaji wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Kwa mapokeo, pande hizo zilianzishwa karne ya 19 na Ngika na Gumha, wachezaji wawili waliotaka ijulikane nani zaidi. Ndani ya pande hizo mna vikundi vingi: wakulima wa bugobogobo wanaorusha majembe kwa mdundo, Banunguli ambao asili yao ni uwindaji wa nungunungu, Bagoyangi wanaocheza na nyoka hai.

Pande hizo huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake. Mtazamaji yuko huru kuhama, na upande uliozungukwa na watu wengi zaidi ndio mshindi. Kwa hiyo manju hutunga nyimbo mpya kila mwaka, na kila kikundi huja na mbinu ambayo wapinzani hawajaiona: kinyago, nyoka mkubwa zaidi, mchezo wa kuigiza. Chatu akitolewa kapuni upande mmoja, umati wa upande wa pili huanza kupungua.