Figma Haitakufundisha Kusanifu

"Nianze na programu ipi?" Vijana wa Bagamoyo wanaotaka kuwa wasanifu wa violesura, wengine wametoka chuo cha sanaa cha TaSUBa na mkono mzuri wa kuchora, hawaniulizi kingine. Figma, Sketch au Adobe XD? Nimechoka kujibu, kwa hiyo naandika.

Walionadi kozi za XD waliapa kwamba ndiyo tiketi ya ajira. Septemba 2022 Adobe ikatangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20. Mwaka uliofuata XD ikaachwa bila kuendelezwa, na Desemba 2023 ununuzi wenyewe ukavunjika. Aliyekariri vitufe vya XD alibaki na nini? Cheti. Kuwa na randa hakukufanyi seremala.

Kozi zenyewe, hizi za "wiki sita uwe mtaalamu", ndizo zinazonikera zaidi. Unafundishwa kupaka rangi upya skrini za kampuni za Marekani, zambarau ikififia kuwa waridi, kisha wenzako wanakupigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kufanya shughuli na hicho ulichochora.

Hebu piga *150*00#, menyu ya M-Pesa. Hakuna rangi, hakuna picha, hakuna kitufe. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na menyu ya namna hiyo inafanya kazi hata kwenye kitochi. Ujumbe mmoja wa menyu hizi, ziitwazo USSD, hauzidi herufi 182, na ukichelewa kujibu unakatwa. Kwa hiyo kuna mtu alilazimika kuamua: kipi kiwe namba 1, iulizwe kwanza namba ya simu au kiasi, jina la mpokeaji lionekane hatua ipi. Kuamua hivyo ndiko kusanifu.

Juzi kijana kanionyesha programu yake ya kupanga miadi ya kliniki. Vivuli maridadi, pembe zimeviringwa. Mahali pa saa: 2:00, na PM ya kijivu, ndogo, pembeni. Mama wa kijiji cha Kaole akiona hapo anasoma saa mbili asubuhi. Atadamka, atapanda bodaboda, atakaa benchi saa sita nzima akisubiri zamu ya saa nane mchana. Figma haitakuonya juu ya hilo. Mama mwenyewe angekuonya, tena bure, lakini nani alimuuliza? Na hiyo kijivu, ipeleke soko la samaki jua la utosini, mpe simu mchuuzi mwenye vidole vyenye magamba, uone kama ataiona.

Haya, cha kufanya. Chukua karatasi na penseli. Chora menyu unayoitumia kila siku, hatua kwa hatua, uone inapokwama. Chora yako. Andika maneno kwanza, kwa Kiswahili. "Saa 8 mchana", basi. Wape watu watano waijaribu, nawe ufunge mdomo: mtafiti wa violesura Jakob Nielsen alishaeleza mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kufichua kasoro nyingi. Rekebisha, rudia. Vitufe visipungue milimita 9 hivi. Tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma isishuke chini ya 4.5 kwa 1. Ndipo ufungue Figma ya bure kwenye kivinjari, au Penpot, yoyote ile.

Ukiwa na karatasi zilizofutwafutwa, njoo tuzitazame. Ukiwa na jina la programu tu, bado hujaanza.