Gitaa lenye asili ya Kenya lililotikisa soko la Krismasi Uingereza

Jumapili ya Desemba 20, 2009, Waingereza wakiwa katika pilikapilika za mwisho za manunuzi ya sikukuu, redio ya BBC ilitangaza wimbo namba moja wa Krismasi. Nchini humo tangazo hilo husubiriwa kama matokeo ya uchaguzi, na wapo wanaoweka fedha kwenye kamari kubashiri mshindi. Kwa kawaida hushinda wimbo laini wa mapenzi au wa msimu wenyewe. Safari hii alishinda mzee wa miaka 17: wimbo wa roki iliyochanganywa na rapu, unaowashutumu polisi wabaguzi na kumalizika kwa mwimbaji kukataa kuamrishwa, kwa tusi analolirudia zaidi ya mara kumi.

Ni 'Killing in the Name' wa kundi la Rage Against the Machine la Los Angeles, Marekani.

Anayepiga gitaa katika wimbo huo, Tom Morello, ana baba Mkenya. Ng'ethe Njoroge alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya katika Umoja wa Mataifa miaka ya mwanzo ya uhuru, na miaka ya 1970 akawa balozi jijini London. Kaka yake, Dkt. Njoroge Mungai, alikuwa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Mama yake Tom, Mary Morello, ni mwalimu Mmarekani aliyekutana na Njoroge nchini Kenya. Tom alizaliwa New York mwaka 1964, lakini baba alirejea nyumbani mtoto akiwa bado mchanga. Mama akamlea peke yake katika mji mdogo wa Libertyville, jimbo la Illinois, ambako mtoto mweusi alikuwa kitu cha kushangaliwa. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1986, kisha akaenda Los Angeles kutafuta maisha kwa gitaa.

Huko alifundisha gitaa ili apate kodi ya nyumba. Kwa maelezo yake mwenyewe, mdundo mzito unaobeba wimbo huo ulimjia akiwa katikati ya somo, akimwonyesha mwanafunzi namna ya kulegeza uzi mnene wa gitaa. Alisimamisha somo akaurekodi kabla haujapotea.

Mwaka huo, 1991, Los Angeles ilikuwa inatokota. Mwezi Machi polisi walinaswa kwenye video wakimpiga Rodney King, dereva mweusi. Mwezi Aprili 1992 mahakama ilipowaachia askari hao, jiji liliwaka moto kwa siku kadhaa na zaidi ya watu 60 wakapoteza maisha. Mwimbaji Zack de la Rocha hakuhitaji maneno mengi. Mistari ni michache, inarudiwa na kurudiwa, ikiwafananisha baadhi ya wanaovaa beji za polisi na wanaochoma misalaba, yaani wabaguzi wa Ku Klux Klan.

Kabla ya kupata mkataba, kundi lilikuwa na kaseti yake ya majaribio yenye wimbo huo, lililoiuza lenyewe. Jalada lake lilikuwa kipande cha gazeti chenye bei za hisa, na njiti moja ya kiberiti imebandikwa juu yake. Ujumbe haukuhitaji mkalimani. Halafu, mwaka 1992, wakasaini na Epic, lebo iliyo chini ya Sony. Wapo waliowaita wanafiki: mnapigana na mtambo huku mtambo unawalipa? Jibu la kundi lilikuwa kwamba ujumbe hauna faida usipowafikia watu, na mwenye malori ya kuufikisha alikuwa Sony.

Uingereza mwanzoni ilikuwa soko dogo kwa wimbo huo. Mwaka 1993 uliishia nafasi ya 25, na kilichokumbukwa zaidi ni siku redio ya BBC ilipoupiga kwa bahati mbaya ukiwa na matusi yote, wasikilizaji 138 wakalalamika.

Kilichobadilisha mambo ni kanuni. Kuanzia Januari 2007, chati ya Uingereza ilianza kuhesabu wimbo wowote uliopakuliwa kwa malipo kwenye intaneti, hata kama hakuna CD yake dukani. Mfanyabiashara wa Namanga au Busia anajua maana yake: kanuni moja ikibadilishwa, mzigo uliolala ghalani miaka mingi unaanza kupita.

Wakati huo nafasi ya Krismasi ilikuwa kama imehodhiwa. Kuanzia 2005 hadi 2008, washindi wa shindano la runinga la X Factor, la tajiri Simon Cowell, waliichukua miaka minne mfululizo. Wanandoa wa Essex, Jon na Tracy Morter, wakaanzisha kundi kwenye Facebook wakiwaomba watu wanunue 'Killing in the Name' katika wiki hiyo moja tu. Cowell aliibeza kampeni. Siku tatu kabla ya matokeo, Rage walipiga wimbo huo moja kwa moja BBC Radio 5 Live, baada ya kuombwa waliache tusi. Hawakuliacha, na matangazo yakakatwa.

Hesabu ilipofungwa, Rage walikuwa na nakala zaidi ya 502,000, zote za kupakuliwa. Joe McElderry, kijana wa miaka 18 aliyeshinda X Factor mwaka huo, aliachwa nyuma kwa takriban 50,000, ingawa CD zake zilijaa madukani. Cowell aliwapongeza Jon na Tracy.

Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawakuliangalia kwenye lebo. Wimbo wa McElderry ulitoka Syco, lebo ya Cowell iliyokuwa nayo chini ya Sony. Vibanda viwili vilivyogombana sokoni vilikuwa vya tajiri mmoja, na kila nusu milioni iliyopita upande huu au ule, sehemu yake ilikwenda kwake.

Fedha haikuishia huko yote. Kampeni ilichangisha makumi ya maelfu ya pauni kwa Shelter, shirika linalosaidia wasio na makazi, na kundi likatoa mapato yake ya wimbo huo. Juni 2010 Rage walitimiza ahadi yao kwa Waingereza: onyesho la bure katika bustani ya Finsbury Park, London, mbele ya watu wapatao 40,000.

McElderry naye hakungoja sana. Wiki moja baada ya matokeo hayo, wanunuzi wa kampeni wakiwa wamekwisha kutawanyika, alikaa namba moja.