Mtandao Ulio Ndani ya Seva

Tangu Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikazorota karibu Afrika Mashariki nzima, bahari husingiziwa kila kinachochelewa ofisini. Mfumo wa mishahara ukigoma, kebo. Printa ikisuasua, kebo. Kazi yangu ni kutunza seva, na nasema bila kusita kwamba malalamiko mengi ninayoitiwa hayajafika hata getini, sembuse baharini. Tatizo limo ndani ya seva yenyewe, kwenye mtandao usio na waya wa kushika wala taa ya kutazama.

Seva ya siku hizi ni nyumba ya wapangaji wengi. Programu maalumu hugawa prosesa, kumbukumbu na diski za kompyuta moja kubwa, na kila fungu likajiona ni kompyuta kamili yenye Windows au Linux yake. Hizo ndizo mashine pepe. Jambo lenyewe ni la zamani: IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Lakini ni baada ya kampuni ya VMware kuanzishwa mwaka 1998, na programu ya KVM kuingizwa ndani ya Linux mwaka 2007, ndipo hata ofisi ndogo yenye seva moja chumba cha nyuma ilipoweza kuendesha mifumo mitano kwa pamoja.

Mashine hizo lazima ziwasiliane. Kwa hiyo seva huzitengenezea kadi za mtandao na swichi, vyote vikiwa programu tupu. Vinafanya kazi kama vile vya chuma, na vinaharibika kwa namna zake.

Kuna SACCOS moja nilikoitwa muda mfupi baada ya wao kununua seva ya pili. Mashine ya hifadhidata ilikuwa imehamishiwa kwenye seva mpya, ile ya mfumo wa wanachama ikabaki kwenye ya zamani. Mhasibu alinipokea mlangoni.

“Fundi, mtandao umekufa tena.”

“Umekufa vipi, mama? Kwenye mfumo unaingia?”

“Naingia vizuri. Jina la mwanachama naliona, salio naliona. Nikifungua taarifa yake ya mwaka mzima, kinazunguka tu mpaka nachoka.”

Maneno yake yalikuwa na thamani kuliko kipimo chochote nilichobeba. Mtandao uliokufa haupitishi kitu. Huu ulikuwa unapitisha vidogo na kumeza vikubwa, na ugonjwa huo nauheshimu kwa sababu unaponyoka kwenye vipimo vya kawaida. Amri ya ping, ambayo kila fundi huanza nayo, hutuma pakiti ndogo. Ilijibu vizuri kabisa, na aliyenitangulia akahitimisha kwamba mtandao ni mzima na seva ndiyo mbovu.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Mtandao wa kawaida wa ofisi hubeba pakiti isiyozidi baiti 1500. Mashine mbili zikiwa kwenye seva moja, pakiti zake hupita kwenye swichi pepe na hazigusi kebo. Zikitenganishwa, wakati mwingine seva mbili huunganishwa kwa njia iitwayo VXLAN, ambayo hufunga kila pakiti ndani ya pakiti nyingine. Kifungashio hicho kinakula baiti 50. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 1450, lakini mashine zenyewe hazijui, zinaendelea kujaza 1500. Ruta ikikutana na pakiti iliyozidi na isiyoruhusiwa kukatwa humrudishia mtumaji ujumbe apunguze. Swichi pepe hufanya kazi ngazi ya chini yake na haitumi ujumbe huo. Inaitupa pakiti kimya kimya, mtumaji anairudia ileile, nayo inatupwa tena.

Nilituma ping ya baiti 1422 huku nikikataza pakiti isikatwe njiani. Ikijumlishwa na 28 za vichwa vyake, inafika 1450. Ikapita. Nikaongeza baiti moja tu. Kimya. Nikafungua tcpdump kwenye madirisha mawili, moja likisikiliza kadi pepe ya mashine, jingine mlango wa VXLAN. Pakiti ikaonekana ikitoka kwenye mashine. Kwenye dirisha la pili hakuna kilichotokea. Jioni ile tukashusha kipimo cha pakiti cha mashine zote mbili hadi 1450, na taarifa ya mwaka ikafunguka. Nukuu ya bei ya seva ya tatu ilikuwa tayari mezani kwa meneja. Inaniuma sana kuona fedha za wanachama zikielekezwa kwenye chuma wakati dawa ni namba moja.

Makosa mengine hayahitaji maelezo marefu. Mtu akinakili mashine pepe pamoja na anwani ya kadi yake, mashine mbili hudai anwani ileile, na swichi hupeleka pakiti mara huku mara kule. Leo hii inafanya kazi, kesho ile. Kwenye KVM anwani hizo kwa kawaida huanza na 52:54:00, hivyo ni rahisi kuzipanga na kuona pacha.

Kingine ni aina ya kadi inayoigizwa. Kadi ya e1000 inaiga kadi halisi ya Intel, na kila mashine pepe inapoigusa, prosesa inalazimika kuacha shughuli zake ikaigize chuma kisichokuwepo. Virtio, iliyoanzishwa na Rusty Russell wa Australia na kuingia kwenye Linux mwaka 2008, haiigi chuma chochote: mashine na seva huachiana mizigo kwenye kumbukumbu wanayochangia. Ukiweza kuitumia, itumie. Sioni sababu ya kubaki na e1000 ila mfumo wa zamani usioijua virtio.

Na kabla hujalaumu mtandao, fungua top ndani ya mashine ya Linux utazame herufi st. Hapo husomeka muda ambao mashine ilitaka prosesa ikanyimwa kwa sababu wenzake wanaitumia. Ikiwa juu, pakiti zimeshafika na zinasubiri wa kuzipokea, na hata ukinunua kebo ya dhahabu hutasaidika.

Ninachowaomba mafundi wenzangu ni wapime wakati kila kitu kiko salama. Endesha iperf3 kati ya mashine na mashine, kisha kati ya seva na seva, uandike kasi uliyopata. Usishangae mashine mbili za seva moja zikiipita kasi ya kebo, maana hazikuitumia. Andika pia ukubwa wa pakiti unaoruhusiwa kwenye kila hatua ya njia, na anwani ya kila kadi pepe. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la seva, aione hata fundi atakayeitwa usiku na hajawahi kufika hapo.