Hodi Haipigwi Angani

Katika nyumba za kale za mtaa wa Asiatique, Bujumbura, duka huelekea barabara, na ua hubaki nyuma kwa akina mama: huko huanikwa nguo, huko huogeshwa watoto. Zamani ukuta ulitosha kuwasitiri. Kidege kisicho na rubani, chenye kamera, hakiujui ukuta.

Mkataba wa Chicago wa 1944 uliitambulia kila dola mamlaka juu ya anga yake. Basi mwenye kidege asidai kuwa huko juu hakuna mwenyewe. Nayo Katiba ya Burundi ya 2018 inakataza kuingilia kiholela faragha na makazi ya mtu.

Hata hivyo, ndugu askari, usikitungue: nacho ni mali ya mtu, na bunduki ya serikali haikutolewa kwa ugomvi wa ua. Andika saa kilipopita, tafuta shahidi, kisha mwone mkuu wa mtaa kabla picha hazijasambaa.