Mgonjwa Anayesafishwa Damu Asiachwe Mkekani Siku Nzima

Leo tunazungumza na nyumba zenye mgonjwa wa figo ambaye ameshaanza kusafishwa damu kwa mashine, na zaidi tunazungumza na wale wanaomhudumia: mke, mume, watoto na wakwe. Hao ndio wanaoamua, mara nyingi bila kujua kuwa wanaamua, kama mgonjwa huyu baada ya mwaka mmoja atasimama kwa miguu yake au atabebwa.

Hali ya kwetu inajulikana. Mgonjwa wa kutoka Ndama, au kule Kyerwa, analazimika kuifuata mashine mbali, iwe Bugando kule Mwanza, iwe Mbarara upande wa Uganda, au popote atakapopangiwa. Kwa kawaida anahitaji mara tatu kwa wiki, na kila mara ni saa nne hivi. Safari ya namna hiyo haiwezekani kwenda na kurudi, hivyo wengi huhamia kwa ndugu walio karibu na hospitali. Hapo ndipo tatizo tunalotaka kulisema linapoanzia. Mtu aliyezoea kupanda na kushuka vilima vya Ndama, kukata ndizi, kupalilia kahawa na kwenda msikitini kwa miguu, ghafla safari yake ndefu kuliko zote ni kutoka kitandani hadi kwenye gari. Akitaka kuinuka kuchukua kikombe, mtoto anamkimbilia: "Baba, kaa, usijichoshe." Ni huruma, na Allah atawalipa, lakini huruma hii inakula misuli ya mgonjwa.

Misuli inayeyuka kwa sababu nyingi kwa pamoja. Figo zikishindwa kazi, asidi huzidi mwilini na kuvunjavunja nyama ya misuli. Damu huwa pungufu, kwa hiyo hewa safi haifiki ya kutosha kwenye mapaja. Mashine nayo, pamoja na uchafu inaoutoa, huondoka na sehemu ya virutubisho vinavyojenga misuli. Mgonjwa hana hamu ya kula, na baadhi ya vyakula amekatazwa. Juu ya hayo yote tunamwongezea kulala. Ndiyo maana utamwona mtu aliyekuwa na nguvu zake, baada ya miezi michache anashika ukuta ili ainuke chooni, na siku moja anaanguka.

Je, mazoezi yanasaidia kweli, au ni maneno tu? Yamepimwa. Nchini Italia wagonjwa 296 wanaosafishwa damu waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. Kundi la pili lilitembea nyumbani, dakika 10 mara mbili kwa siku, katika zile siku tatu za wiki zisizo za mashine. Hawakwenda ukumbi wa mazoezi wala hawakununua chombo chochote. Baada ya miezi sita walipimwa umbali wanaoweza kutembea kwa dakika sita. Waliotembea walitoka mita 328 hadi 367. Wenzao walikuwa mita 321, wakafika 324, yaani palepale.

Ujerumani walifanya utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa zaidi ya 1,200, uliochapishwa mwaka 2023. Huko mazoezi yalifanyika mgonjwa akiwa kwenye mashine yenyewe, kwa mwaka mzima. Kipimo kilikuwa kuhesabu mgonjwa anaweza kuinuka na kukaa kwenye kiti mara ngapi katika dakika moja. Makundi yote mawili yalianza na wastani wa mara 16. Waliofanya mazoezi walifika zaidi ya 19, wasiofanya wakashuka chini ya 15. Tazama hapo, ndugu msomaji: asiyefanya hakubaki alipokuwa, alirudi nyuma.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba si kila utafiti ulileta furaha. Uingereza, mwaka 2021, zaidi ya wagonjwa 300 walishiriki utafiti wa kuendesha baiskeli maalumu wakiwa kwenye mashine, na baada ya miezi sita ubora wa maisha yao haukuonekana kutofautiana na wa wengine. Kwa hiyo anayekuambia mazoezi yatazibua figo, au yatamwondoa mgonjwa kwenye mashine, anakudanganya, na mara nyingi ana dawa mkobani anayotaka kuiuza. Mazoezi hayaponyi figo. Yanalinda miguu, pumzi na uwezo wa mtu kujihudumia mwenyewe. Na kwa anayetarajia kupandikizwa figo, huduma ambayo Muhimbili waliianza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, ni jambo zito kuingia chumba cha upasuaji ukiwa na nguvu kiasi kuliko kuingia ukiwa umekwisha.

Sasa afanye nini? Kwanza amuulize daktari wake wa figo, kwa sababu moyo wa mgonjwa huyu mara nyingi umeshaguswa na presha au kisukari. Akiruhusiwa, aanze na kutembea siku ambazo hana mashine. Dakika tano zinatosha mwanzo, asubuhi na tena jioni jua likipoa, kisha aongeze dakika moja au mbili kila wiki mpaka afike kumi au zaidi. Mwendo uwe ule ambao anaweza kuongea na mtu wa pembeni. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Walioko huku kwetu wachague njia ya tambarare, wasianze na mlima. Walioko mjini kwenye chumba kimoja watumie baraza: hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Mama asiyependa kutoka atembee uani na binti yake, na buibui si kizuizi, ila avae viatu vinavyoshika mguu. Ndala zimewaangusha wengi. Mwenye kisukari akague nyayo zake kabla na baada, kwa sababu anaweza kuchubuka asihisi.

Zoezi la pili ni lile la kiti. Kiti imara kiegemezwe ukutani, mgonjwa ainuke na kukaa taratibu, mara tano, apumzike, arudie. Tasbihi inafaa kuhesabia. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu misuli inayoinua mtu kitini ndiyo inayomwinua chooni, na ndiyo inayomwinua kutoka kwenye sijda. Wagonjwa wengi huhamia kuswali wakiwa wamekaa, na sheria imewapa ruhusa hiyo kwa uwazi kabisa, asije mtu akawalaumu. Lakini nimekutana na wazee ambao kinachowaumiza zaidi ya sindano za mashine ni kushindwa kuinuka baada ya kusujudu. Mzee wa namna hiyo umwambie zoezi la kiti ni la kumrudisha kwenye kisimamo, hutahitaji kumhimiza mara ya pili.

Ama kuhusu mkono wenye ile njia ya damu, pale mshipa ulipounganishwa kwa upasuaji, uangalizi unatakiwa. Mtaalamu akisharuhusu, kubana na kuachia mpira mdogo wa kitambaa husaidia mshipa upanuke. Lakini mkono huo usibebe dumu la maji wala mkungu wa ndizi, usipimwe presha, na usilaliwe. Mwenye mrija wa shingoni au kifuani afanye mazoezi ya miguu tu ya polepole, na sehemu hiyo isilowe, hata wakati wa udhu. Kuhusu namna ya kutawadha ukiwa na bandeji, muulize sheikh wa msikiti wako. Ana jibu jepesi kuliko unavyodhani.

Akiwa kwenye mashine, mazoezi ya miguu yafanyike kwa idhini ya wauguzi tu, na katika saa mbili za mwanzo, maana baadaye presha hushuka kwa urahisi. Mkono wenye sindano usitikisike.

Zipo siku za kutofanya kabisa. Kama amekosa zamu ya mashine, kama miguu imevimba kuliko kawaida, kama anahema akiwa amekaa, ana homa, presha imepanda sana, au sukari imeshuka, apumzike. Akiwa katikati ya zoezi akahisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpangilio, aache hapohapo na apelekwe hospitali. Saa chache baada ya kutoka kwenye mashine pia ni za kulala, hapo huruma yenu ina mahali pake.

Kuna na suala la kiu. Anayetembea atatoka jasho na kutaka maji, naye maji yake yana kipimo. Asukutue na kutema, na zoezi lisiwe sababu ya kuvuka kiasi alichopangiwa.

Mtafutieni daftari dogo. Aandike dakika alizotembea na mara alizoinuka kitini, na mwisho wa mwezi amwonyeshe muuguzi wa kitengo cha figo. Wiki ijayo, inshaAllah, tutazungumzia chakula cha mgonjwa huyu katika nyumba inayokula ndizi na maharage kila siku. Wallahu a'lam.